Kutoka Wodini hadi Nyumbani: Historia ya Kinga ya Mionzi kwa Wagonjwa wa Saratani ya Tezi ya Shingo Waliotibiwa kwa Iodini Nururifu, na Mazingatio kwa Kisiwa cha Pemba

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kanuni moja ya tiba: ni lini mgonjwa wa saratani ya tezi ya shingo aliyenyweshwa iodini nururifu aruhusiwe kuondoka hospitalini na kurudi kwa watu wake. Hoja kuu ni kwamba kanuni hiyo imehama hatua kwa hatua, kutoka kupima kiasi cha unururifu kilichobaki mwilini mwa mgonjwa hadi kukadiria kiasi cha mionzi kitakachomfikia mtu mwingine. Kuhama huko kumeifanya nyumba ya mgonjwa, na njia ya kuifikia, kuwa sehemu ya tiba. Kwa mgonjwa wa Pemba, ambaye hufuata tiba hii Tanzania Bara na kurudi kwa kuvuka bahari, kanuni iliyoazimwa bila kutazama nyumba na njia yake humwacha ama jirani bila kinga, ama mgonjwa mwenyewe bila watu.

1.0 Utangulizi

Tezi ya shingo, ambayo kamusi huiita pia dundumio, ndicho kiungo pekee mwilini kinachokusanya iodini kwa wingi ili kutengeneza homoni. Sifa hiyo ndiyo iliyozaa tiba inayojadiliwa hapa. Mgonjwa wa saratani ya tezi hiyo hufanyiwa kwanza upasuaji wa kuiondoa. Kisha, pale inapobidi, hupewa kidonge au kinywaji chenye iodini-131. Masalia ya tezi, pamoja na chembe za saratani zilizosambaa, huivuta iodini hiyo kama zinavyovuta ile ya kawaida, na chembe za beta zinazotoka ndani yake huziua kwa karibu bila kuunguza sana viungo vilivyo mbali.

Hata hivyo, iodini-131 hutoa pia miali ya gama, ambayo hupenya mwili na kumfikia aliye karibu. Aidha, sehemu ya iodini isiyohitajika hutoka kwa mkojo, jasho na mate. Hivyo basi, kwa siku kadhaa mgonjwa mwenyewe huwa chanzo cha mionzi. Nusu-uhai wa iodini-131, yaani muda ambao unururifu wake hupungua kwa nusu, ni siku 8. Kwa kupungua huko peke yake, baada ya siku 80 hubaki chini ya sehemu moja ya elfu ya kiasi cha mwanzo. Na kwa kuwa mwili huitoa nyingine kwa haja ndogo, katika mgonjwa aliyekwisha kuondolewa tezi kiasi kikubwa hutoka katika saa 48 za awali.

Swali la kihistoria linalotuongoza ni hili: wataalamu waliamuaje kwamba sasa imetosha, mgonjwa aende nyumbani? Na walipoamua, walikuwa na nyumba ya nani akilini?

2.0 Rovu, chumvi na bahari: Pemba kabla ya tiba

Historia ya iodini katika Pemba inaanza na upungufu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa watu wa visiwani hawawezi kupungukiwa na madini joto, kwa sababu hula samaki na huishi kando ya bahari. Programu za kupambana na rovu nchini Tanzania zilielekeza macho zaidi kwenye nyanda za juu za Bara, na uwekaji wa madini joto katika chumvi ulienezwa huko katika miaka ya 1990.

Utafiti wa Assey na wenzake uliochapishwa mwaka 2006 uliiangusha dhana hiyo. Uliwachunguza wanafunzi wa skuli 11,967 wa Unguja na Pemba. Kiwango cha rovu kilikuwa asilimia 21.3 Unguja na asilimia 32.0 Pemba. Kipimo cha iodini katika mkojo kilikuwa na wastani wa kati wa mikrogramu 185.7 kwa lita Unguja, lakini 53.4 tu Pemba, ilhali kiwango kinachohesabiwa kuwa cha kutosha kwa watoto wa umri huo huanzia 100. Kuhusu chumvi, kaya zilizokuwa na chumvi yenye madini joto zilikuwa asilimia 63.5 Unguja na asilimia 1.0 Pemba. Katika visiwa viwili vya nchi moja, vyenye bahari moja na mboga moja, tofauti kubwa kiasi hicho ilionekana kwenye chumvi iliyofika jikoni.

Matokeo hayo yana uzito katika mjadala huu kwa sababu tatu. Kwanza, ni lazima isisitizwe kwamba rovu si saratani, na watu wengi wenye rovu hawataipata. Lakini sayansi ya magonjwa imethibitisha kwamba katika jamii zenye upungufu wa madini joto, aina ya saratani ya tezi iitwayo folikula huchukua sehemu kubwa zaidi ya wagonjwa kuliko katika jamii zenye madini hayo ya kutosha. Aina hiyo husambaa kwa njia ya damu hadi kwenye mapafu na mifupa, na mgonjwa aliyefikia hatua hiyo huhitaji dozi kubwa ya iodini nururifu. Pili, mahali ambapo shingo iliyovimba ni jambo la kuzoeleka, uvimbe wa saratani unaweza kuchukuliwa kuwa rovu la kawaida, na mgonjwa akachelewa. Tatu, maandalizi ya tiba yenyewe humtaka mgonjwa ajizuie kwa wiki moja au mbili na vyakula vyenye iodini, hususan samaki wa baharini na chumvi yenye madini joto, ili tezi iwe na njaa ya dawa. Kwa mtu wa Micheweni au Makangale, ambako samaki ndiye kitoweo, maelekezo hayo hubadilisha chungu cha nyumba nzima.

Kwa ufupi, mgonjwa wa Pemba anapofika mbele ya kidonge cha iodini, huwa na historia ya chakula na ya mahali iliyomtangulia. Kanuni za usalama zilizomngoja huko zilikuwa na historia nyingine, iliyoanzia mbali.

3.0 Kidonge kinazaliwa: 1938–1946

Iodini-131 ilitambuliwa mwaka 1938 na Glenn Seaborg na John Livingood katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1941 daktari Saul Hertz, akishirikiana na mwanafizikia Arthur Roberts, alianza kuitumia iodini nururifu mjini Boston kwa wagonjwa ambao tezi zao zilifanya kazi kupita kiasi. Mwaka 1946 Samuel Seidlin na wenzake wa New York walichapisha habari ya mgonjwa wa saratani ya tezi iliyosambaa mwilini ambaye hali yake ilipata nafuu kwa dawa hiyo. Mwaka huohuo mtambo wa Oak Ridge, uliojengwa kwa ajili ya mradi wa silaha za nyuklia, ulianza kutoa isotopu kwa hospitali. Dawa iliyokuwa adimu ikawa ya kuagizwa.

Katika miaka hiyo ya awali swali kuu lilikuwa kama dawa inaponya. Mgonjwa aliwekwa hospitalini, akapimwa mara kwa mara, na mkojo wake ukakusanywa kwa sababu za utafiti zaidi ya sababu za kinga. Tiba ilipoanza kuwa ya kawaida, na vitanda vikahitajika kwa wengine, ndipo swali la kuondoka lilipopata nguvu.

4.0 Kanuni ya kuondoka: 1970–2009

Mwaka 1970 Baraza la Taifa la Marekani la Kinga na Vipimo vya Mionzi lilitoa taarifa yake namba 37 kuhusu uangalizi wa wagonjwa waliopewa isotopu za tiba. Kufikia mwaka 1987 kanuni ya Marekani ilikuwa imeandikwa kwa namba nyepesi kukumbuka: mgonjwa asiruhusiwe mpaka kiasi kilichobaki mwilini kiwe chini ya milikyuri 30, sawa na megabekereli 1,110, au kipimo cha umbali wa mita moja kiwe chini ya milisiverti 0.05 kwa saa. Fadhila ya kanuni hiyo ilikuwa wepesi wake: muuguzi mwenye kipima mionzi aliweza kuitekeleza bila kujua lolote kuhusu nyumba ya mgonjwa. Udhaifu wake ulikuwa palepale.

Mwaka 1996 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ambalo Tanzania ni mwanachama wake tangu mwaka 1976, lilichapisha viwango vya msingi vya usalama vilivyotaja megabekereli 1,100 kuwa kiwango elekezi cha iodini-131 kwa mgonjwa anayeruhusiwa. Chini ya jedwali hilo kulikuwa na tanbihi kwamba baadhi ya nchi hutumia megabekereli 400 kama mfano wa utendaji mzuri. Tanbihi hiyo fupi ina thamani kubwa kwa mwanahistoria. Inaonyesha kwamba namba iliyoonekana kuwa ya kisayansi ilikuwa pia makubaliano, na kwamba mataifa yenye sayansi ileile yalifikia makubaliano tofauti. Ujerumani, kwa mfano, iliendelea kumtaka mgonjwa abaki wodini angalau saa 48.

Mwaka 1997 Marekani iligeuza kanuni yake. Badala ya kuuliza mgonjwa ana kiasi gani, iliuliza mtu mwingine atapata kiasi gani. Mgonjwa akaruhusiwa ikiwa hakuna mtu atakayepata zaidi ya milisiverti 5 kwa sababu yake, na akatakiwa apewe maelekezo ikiwa mtu yeyote angeweza kupata zaidi ya milisiverti 1. Wengi waliokuwa wakilazwa wakaanza kuondoka siku ileile. Matokeo ambayo hayakutarajiwa yalidhihirika baadaye: baadhi ya wagonjwa, kwa kuogopa kuwadhuru watoto wao, walikwenda kulala hotelini, ambako mtumishi wa chumba hakujua shuka anazokunja zimetoka kwa nani. Mwaka 2010 mbunge Edward Markey aliliibua jambo hilo katika Bunge la Marekani, na mwaka uliofuata mamlaka husika ikatoa tamko la kuwataka watoa tiba wasiwaelekeze wagonjwa hotelini.

Mwaka 2004 Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi ilitoa chapisho lake namba 94. Chapisho hilo lilishauri kwamba uamuzi wa kumlaza au kumruhusu mgonjwa ufanywe kwa kila mtu peke yake, kwa kuzingatia kiasi kilichobaki mwilini, matakwa ya mgonjwa, hali ya familia hasa kuwepo kwa watoto, mazingira, na sheria zilizopo. Lilitofautisha pia watu wazima wanaomhudumia mgonjwa kwa hiari, ambao wanaweza kuvumilia hadi milisiverti 5 kwa tukio moja, na watoto wadogo pamoja na wageni, ambao kikomo chao ni kile cha umma, milisiverti 1 kwa mwaka. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilifuata mkondo huo katika ripoti yake ya usalama namba 63.

Katika muda wa takriban miaka 40, basi, mzani ulihama kutoka wodini hadi nyumbani. Hata hivyo, nyumba iliyokuwa ikihesabiwa katika mifano mingi ilikuwa ya aina moja: ina chumba cha peke yake kwa mgonjwa, choo cha maji cha ndani, gari la kumrudishia, na wakaazi wachache.

5.0 Taasisi na sheria upande wa Tanzania

Jengo la Ocean Road, Dar es Salaam, lilifunguliwa na utawala wa Wajerumani mwaka 1897 likiwa hospitali ya Wazungu. Baada ya uhuru lilipita katika matumizi mbalimbali ya huduma za afya, na mwaka 1996 likatambuliwa kisheria kuwa Taasisi ya Saratani Ocean Road. Taasisi hiyo ndiyo iliyokuwa mlango mkuu wa tiba ya mionzi na tiba ya nyuklia kwa wagonjwa wa Tanzania, wakiwemo wale wa Zanzibar wanaopelekwa kwa rufaa.

Kwa upande wa udhibiti, Sheria ya Kinga dhidi ya Mionzi ya mwaka 1983 iliunda Tume ya Taifa ya Mionzi. Sheria ya Nguvu za Atomiki namba 7 ya mwaka 2003 iliweka mahali pake Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na kanuni za kinga dhidi ya mionzi zikafuata mwaka 2004. Tume hiyo ina ofisi Zanzibar pia.

Hapa ndipo panapoonekana mshono wa kitaasisi unaomhusu mgonjwa wa Pemba. Afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake, hospitali zake, na sera yake ya afya iliyojengwa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 juu ya msingi wa huduma bila malipo. Mgonjwa anayetoka Wete huanzia katika mfumo wa Zanzibar, hupewa iodini katika mfumo wa Bara, kisha hurudi katika mfumo wa Zanzibar akiwa bado na unururifu mwilini. Daktari aliyempa dawa haijui nyumba anayorudi; na daktari wa Wete, Chake Chake au Mkoani anayeijua nyumba hiyo hakuwepo dawa ilipotolewa. Karatasi anayoibeba mgonjwa mkononi ndiyo kiungo kati ya mifumo hiyo miwili. Kwa hiyo karatasi hiyo ni chombo cha kinga kwa kadiri ileile kama ukuta wa risasi wa wodini.

6.0 Njia ya kurudi

Safari ya ardhini katika gari la mtu binafsi inaweza kupangwa: mgonjwa hukaa kiti cha nyuma, upande wa pili wa dereva. Safari ya kurudi Pemba ni ya vipande: boti kutoka Dar es Salaam hadi Unguja, meli ya saa kadhaa kutoka Unguja hadi bandari ya Mkoani, kisha gari ya abiria kuelekea Chake Chake, Wete au Konde. Katika kila kipande mgonjwa huketi bega kwa bega na watu asiowajua.

Kanuni ya mwaka 1987 yenyewe inatupa namba za kupimia jambo hili. Mgonjwa aliyeruhusiwa akiwa kwenye ukingo wa kanuni hutoa milisiverti 0.05 kwa saa katika umbali wa mita moja. Katika safari ya saa 6, abiria aliye mita moja hupata milisiverti 0.3. Lakini benchi la meli halina nafasi ya mita moja baina ya abiria. Umbali ukipungua nusu, mionzi huongezeka mara nne. Abiria aliye nusu mita angepata takriban milisiverti 1.2, yaani zaidi ya kikomo cha mwaka mzima cha mtu wa kawaida, katika safari moja. Hesabu hii hukuza kidogo, kwa kuwa huuchukulia mwili wa mgonjwa kama nukta moja. Hata hivyo, inatosha kuonyesha kwamba mgonjwa anaweza kuwa ameitii kanuni ya wodini kikamilifu na bado jirani yake safarini akavuka kikomo cha umma. Kiasi hicho hakimletei mtu mzima ugonjwa wa mionzi. Lakini jirani huyo anaweza kuwa mama mjamzito au mtoto aliyepakatwa, na hakuulizwa.

Msongamano wa safari hizi si wa kufikirika. Meli ya MV Spice Islander I, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ilikuwa imebeba abiria wengi kupita uwezo wake, na mamia walipoteza maisha. Msiba huo una sababu na mafunzo yake, na hautajwi hapa ila kwa jambo moja: mipango ya afya inayodhani kwamba abiria wa njia hii ana nafasi ya kuchagua kiti huwa imepangwa kwa njia nyingine.

Ufumbuzi haupo katika kumwambia mgonjwa asubiri mjini kwa gharama yake. Hapo historia ya hoteli za Marekani itajirudia katika nyumba za kulala wageni za Kariakoo, au katika chumba cha jamaa anayeishi na watoto. Saa 48 za awali ndizo ambazo mwili hutoa sehemu kubwa ya iodini, na mahali pake panapostahiki ni wodini. Kwa mgonjwa wa kisiwani, siku mbili au tatu za ziada za kulazwa si anasa wala adhabu. Ndizo zinazomlinda abiria wa meli. Kadhalika, ndege kutoka Unguja hadi uwanja wa Chake Chake hupunguza saa za ukaribu, na gharama yake ingestahili kuhesabiwa kuwa sehemu ya gharama ya rufaa.

7.0 Nyumba

Miongozo ya kimataifa hueleza mambo machache ya msingi: mgonjwa alale peke yake, akae mbali na watoto na wajawazito, atumie choo kwa kuketi na kukisafisha vizuri, anawe mikono, asichangie vyombo, anywe maji kwa wingi. Muda wa kila jambo hutegemea dozi aliyopewa. Maelekezo haya ni sahihi. Tatizo ni kwamba kila moja linagusa desturi ambayo katika Pemba si tabia ya mtu mmoja bali ni mfumo wa kuishi.

Tuanze na chakula. Pale ambapo watu hula sinia moja, kumtengea mtu sahani yake ni ishara ya kumbagua. Maelekezo yakieleza kwamba mate hubeba iodini kwa siku chache tu, sahani ya peke yake huwa dawa. Yasipoeleza, huwa tusi. Vivyo hivyo kuhusu kumkagua mgonjwa. Aliyetoka hospitali Dar es Salaam hutembelewa na jamaa, majirani na watu wa msikiti wake, na kukaa karibu naye ni sehemu ya heshima. Mgeni anaweza kuja, akae barazani umbali wa mita mbili, kwa muda mfupi, bila watoto. Hakuna haja ya kufunga mlango.

Jambo zito zaidi ni watoto. Saratani ya tezi huwapata wanawake takriban mara tatu kuliko wanaume, na wengi wao wamo katika umri wa kulea. Tezi ya mtoto mchanga huathirika kwa mionzi kuliko ya mtu mzima, na mtoto hupakatwa, hubebwa mgongoni na hulala ubavuni mwa mama. Maziwa ya mama hubeba iodini moja kwa moja. Kwa hiyo miongozo huelekeza kwamba unyonyeshaji ukomeshwe wiki kadhaa kabla ya dawa, na mtoto huyo asirudishwe tena titini. Aidha, mama asishike mimba kwa angalau miezi 6. Katika jamii ya Kiislamu inayojua kwamba Kurani imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, agizo la kumwachisha mtoto wa miezi saba lina uzito. Lakini aya hiyohiyo inaruhusu wazazi kumwachisha kabla kwa kuridhiana na kushauriana. Daktari akimwita mume, na bibi atakayembeba mtoto, kabla ya tarehe ya dawa, mazungumzo hayo huwa na msingi ambao familia inaujua tayari.

Kuhusu choo, wasiwasi mara nyingi huwa mkubwa kuliko hatari. Mkojo unaoingia katika choo cha shimo hupoteza unururifu humohumo kwa kupita siku. Linalohitaji uangalifu ni matone yanayobaki sakafuni na kwenye kopo la maji linaloshikwa na kila mtu. Kopo la mgonjwa peke yake na maji ya kutosha ya kumwagia sakafu huzuia sehemu kubwa ya uchafuzi. Nguo na shuka zake zifuliwe mbali na za wengine, na asiyekuwa mjamzito.

Jambo la mwisho ni tarehe. Neno mionzi hutisha, na hofu isiyo na kikomo humwandama mgonjwa miaka baada ya iodini yote kwisha. Karatasi isemayo «ajitenge kwa muda» humpa jirani ruhusa ya kumtenga daima. Karatasi inayotaja siku ambayo kila katazo linakwisha, kwa Kiswahili na kwa tarehe kamili, humrudishia mgonjwa sinia yake, kitanda chake na watoto wake. Nusu-uhai wa siku 8 ni hoja ya kumlinda jirani, na ni hoja ya kumlinda mgonjwa pia.

8.0 Mauti baada ya tiba

Wapo wagonjwa wachache ambao saratani yao imesambaa na hufariki siku chache baada ya dawa. Miongozo ya kimataifa imeshughulikia suala hili, na hatari kubwa iliyojadiliwa ni ya kuchoma maiti. Mwaka 2019 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha habari ya mabaki ya mionzi yaliyogunduliwa katika mahali pa kuchomea maiti jimboni Arizona, baada ya kuchomwa mwili wa mgonjwa aliyepewa isotopu nyingine, lutesiamu-177. Kwa Waislamu wa Pemba, wanaozika ardhini na kwa haraka, hatari hiyo haipo.

Iliyopo ni ya muoshaji. Kuosha maiti ni faradhi, na huhusisha kushika, kukamua tumbo kwa upole na kumwaga maji. Kwa kawaida inawezekana kuitekeleza kwa usalama: glovu, watu wachache wanaopokezana, muda mfupi, kutokuwepo mjamzito, na maji ya kutosha. Pale ambapo kuosha hakuwezekani, fikihi ya Kishafii inayofuatwa Zanzibar inaijua hukumu ya kumtayamamisha maiti. Mpaka wa baina ya hali hizo mbili hauwezi kuwekwa na mtaalamu wa mionzi peke yake. Ofisi ya Mufti wa Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, ndiyo yenye kustahiki kuketi na wataalamu hao na kutoa muongozo mapema, ili familia isilazimike kuuliza swali hilo usiku wa msiba.

9.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha mambo matatu. Mosi, kiwango cha kumruhusu mgonjwa hakikuwahi kuwa kimoja duniani. Kilibadilika kwa nyakati na kutofautiana kwa nchi, kwa sababu kilibeba ndani yake picha ya nyumba fulani. Pili, tangu miaka ya 1997 na 2004 kanuni zenyewe zinataka nyumba halisi itazamwe. Kuuliza habari za sinia, meli na kopo la maji ni kuitii kanuni, si kuipindisha. Tatu, njia bora ya kinga ni kupunguza chanzo. Majaribio mawili ya Uingereza na Ufaransa yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba kwa wagonjwa wenye hatari ndogo, megabekereli 1,100 hufanya kazi ya kusafisha masalia ya tezi sawa na megabekereli 3,700. Na utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa hao hawahitaji iodini nururifu kabisa.

Kutokana na hayo, makala haya yanapendekeza kwamba fomu ya rufaa ya mgonjwa wa tezi kutoka Pemba ijazwe na hospitali inayomjua kabla hajasafiri: anaishi na nani, wana umri gani, analala wapi, anatumia choo gani, atarudi kwa chombo gani. Taarifa hizo zimfikie mtoa dawa ili aamue siku za kulazwa; na nakala ya maelekezo ya kuondoka, yenye tarehe, irudi kwa daktari wa wilaya. Hakuna mtambo mpya unaohitajika. Kinachohitajika ni kwamba maswali hayo yaulizwe Pemba, na majibu yake yasomwe Dar es Salaam kabla ya kidonge kumezwa.